Oili ya Gari Unaloondoka Nalo

Limi mwanangu,

Mwadila, ng'wanone. Nakusalimia kama mtu aliye mbali, kumbe nakusikia huko ndani unabishana na wadogo zako juu ya godoro lipi lipakiwe na lipi libaki. Mimi niko nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye kigoda karibu na tairi la mbele. Nimefungua nati ya chini ya injini, oili ya zamani inashuka kwenye karai. Nililiwasha gari kwanza mpaka likapata moto, kwa sababu oili ya moto hushuka na uchafu wake, na ya baridi huuacha humo humo. Sasa ni kusubiri. Mwenye haraka hufunga nati mkondo ukishageuka matone. Mimi husubiri hata matone yaishe, na leo nimeona kusubiri kwangu nikutumie kuandika. Kesho asubuhi watu watakuwa wengi hapa, na mimi mbele za watu huishia kusema habari za sufuria.

Basi za sufuria siziandiki. Kupika unajua, kufunga mlango unajua, na mtu wa kukuambia uende kanisani atapatikana hata huko Nkoma unakohamia. Nataka kukuandikia habari ya mafuta na oili ya gari hili. Najua utacheka. Utasema, mama, niulize dawa ya kupe au sindano ya ndigana ya ng'ombe, hizo ndizo kazi yangu. Lakini utakapokuwa unazunguka kwenye maboma ya watu na masanduku yako ya dawa, ni gari hili litakalokufikisha, na sijawahi kukueleza vizuri lilivyotufundisha kazi. Ulikuwa mdogo. Ulichokiona ni mama anaendesha, basi.

Baba yako alilinunua miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipoanza kuachiwa huru, ulipokuwa bado hujaanza shule. Kulikuwa na mkandarasi wa barabara aliyemaliza kazi yake upande wa Bariadi, akawa anauza vitu vyake kabla ya kuondoka. Pikapu hii ilikuwa imekaa uani kwake, imechubuka, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Baba yako aliizunguka, akairudia kesho yake, akaizunguka tena. Kisha akaenda zizini, akatoa ng'ombe, akawapeleka mnadani.

Ng'ombe wale hawakuwa wake peke yake. Walikuwa wa nyumba ya babu yako, na baba yako mkubwa Masanja alikuwa na neno juu yao. Kwa haki baba yako aliuza fungu lake, hakugusa la mwenzake. Lakini kwa Masanja kuuza ng'ombe mzima, anayezaa, ununue chuma kilichochoka, ilikuwa kama kuuza watu wa nyumbani. Alikuja siku moja tu, akasimama pale mlangoni, akaliangalia gari. Baba yako akamkaribisha akae. Hakukaa. Alisema, "Ng'ombe akizeeka unakula nyama. Hiki kikizeeka mtakula nini?" Akaondoka. Baada ya hapo tukikutana naye njiani alinisalimia mimi kwa heshima zote, lakini hapa nyumbani hakukanyaga. Misimu ya pamba ilipita hivyo, mtu na ndugu yake wanalima mashamba yanayopakana na hawaulizani hata habari za mvua.

Miaka ile hapakuwa na cha kuchagua. Mafuta yalipatikana Bariadi kwenye pampu, siku yakiwepo, na mara nyingi uwe na kibali. Oili ilitoka kwenye pipa. Hukuuliza ni namba gani wala imetoka wapi, ulipeleka chombo chako ukajaziwa, ukashukuru. Ikikosekana, baba yako alichuja ile ya zamani kwa kitambaa cha khanga yangu, akairudisha. Usiniulize kama ni sawa. Si sawa, lakini gari lilitembea. Injini ikazoea uji ule mzito mweusi, ikawa na ukoko wake ndani, nasi hatukujua kwamba ukoko upo.

Halafu macho ya baba yako yakaanza kufifia. Alianza kwa kusema vumbi limezidi barabarani, kisha akasema taa za gari zimepungua nguvu. Jioni moja alipitisha gari katikati ya mashimo mawili ambayo hata mtoto angeyakwepa, nikajua. Nilimwomba anifundishe kuendesha, nikasema natamani tu kujua. Naye akajua kwa nini naomba. Alinifundishia shambani baada ya mavuno, maana kwenye mabua ya pamba hakuna wa kumgonga. Yeye alikaa pembeni yangu akisikiliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yako tangu zamani aliendesha kwa masikio kuliko macho. Aliniambia, sikiliza hapa, inaomba gia. Sikiliza, hapo unainyonga. Nilipomaliza kuhangaika na usukani nami nikaanza kusikia.

Watu wa hapa Dutwa walisema mengi. Mwanamke na usukani, pale centa, miaka ile. Wengine walisema nimemroga mume wangu awe kipofu nichukue gari. Hayo yalipita. Mtu akiwa na magunia yanayosubiri kufika Bariadi haangalii sana anayeshika usukani ni nani.

Sasa nifike kwenye oili yenyewe.

Ruksa ilipokomaa, maduka yakajaa. Wewe umekulia humo, huwezi kujua ilivyokuwa kuingia dukani Bariadi mara ya kwanza ukakuta oili imepangwa ukutani kama khanga za sikukuu: makopo mekundu, ya bluu, ya dhahabu. Mtu aliyezoea pipa moja jeusi akisimama mbele ya ukuta ule, kichwa kinazunguka. Ndio mwaka huo huo wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia vijijini. Awali mnunuzi alikuwa chama cha ushirika peke yake, sasa yeyote mwenye mizani na fedha alikuja. Mmoja wao alinipa kazi ya kukusanya pamba njia ya Kasoli mpaka kwenye kinu cha kuchambulia. Alikuwa mtu wa haraka, alisema anataka gari lisilolala njiani. Nikamwambia langu halilali.

Nikaenda dukani nikiwa na furaha ile. Muuzaji akaniuliza nataka oili gani. Nikasema, nzuri kuliko zote. Ndivyo nilivyomjibu, Limi, kama mtu anayemnunulia mtoto nguo ya ubatizo. Naye akanishushia kopo la juu kabisa, lenye picha ya gari la mashindano. Sikumlaumu hata siku moja, alinipa nilichoomba. Oili ile ilikuwa nyepesi kama mafuta ya alizeti, inang'aa, na maandishi yalisema inasafisha injini. Nikamwaga ya zamani, nikaweka hiyo. Baba yako alisikiliza injini inavyonguruma akasema imekuwa laini mno. Nilidhani anasifia.

Siku za kwanza lilikwenda vizuri, nikajiona mjanja. Kisha moshi wa bluu ukaanza kutoka nyuma, gari linakula oili. Nikaongeza ile ile nyepesi. Kisha taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa nikisimama, nikikanyaga mafuta inazima. Nikajiambia labda ni waya, gari la zamani lina mambo yake. Na siku moja nikiwa na mzigo kamili wa pamba, natoka Kasoli, jua liko kichwani, taa ikawaka haikuzima. Kabla sijatafuta pa kuegesha, nikasikia kitu kinagonga ndani ya injini, kama mtu anayegonga sufuria kwa mchi. Nikazima. Gari limenoki, injini imekufa. Hata kabla ya fundi kufika nilijua.

Nilikaa kwenye kivuli cha gari nikiwa na wapakiaji wangu wawili, magunia juu yetu. Walipita watu wa baiskeli wakielekea Dutwa, wakauliza, tukawajibu. Sikuagiza mtu kwa yeyote. Ningemwagiza kwa nani? Baba yako asingeweza kuja, na gari lingine la kuvuta halikuwepo jirani, magari yote msimu ule yako kwenye pamba. Nilichowaza sana hakikuwa injini. Niliwaza mnunuzi atakavyosema, na niliwaza ile siku Masanja aliposimama mlangoni petu.

Jua lilipoanza kushuka niliona vumbi, nikadhani ni mifugo inarudi kutoka malishoni. Walikuwa maksai wa jembe, jozi mbili, na mbele yao anatembea baba yako mkubwa na mnyororo begani. Habari ilimfikia kwa watu wa baiskeli. Alinisalimia, nikamjibu. Akainama akaangalia chini ya gari kama anayemwangalia ng'ombe aliyelala, akatafuta pa kufunga mnyororo. Wapakiaji wakamsaidia. Mimi nilisubiri aseme neno lake. Lilikuwa haki yake, na nilikuwa nimeshajiandaa kulipokea. Alichosema ni hiki: "Shemeji, ingia ushike usukani. Hawa hawajui kupinda."

Basi tukavutwa. Mimi nimekaa ndani ya gari lisilo na sauti, mbele naona mapembe na mgongo wa Masanja. Na ili kufika nyumbani lazima upite katikati ya Dutwa. Ilikuwa siku ya gulio. Unajua watu wa gulioni. Walisimama pande zote mbili za barabara, wauza viazi, wauza mitumba, vijana wa baiskeli, wote wanaangalia gari la yule mwanamke linavutwa na ng'ombe. Nikasikia kicheko kinaanza mahali, kijana mmoja akauliza kwa sauti kama sasa tumeamua kulilimia.

Masanja hakusimamisha maksai wake. Aligeuza kichwa tu kuelekea kwa watu wale akasema, si kwa ukali, "Huyu ni shemeji yangu anapita. Msalimieni."

Wakanisalimia, Limi. Yule kijana akiwa wa kwanza. Mwadila mayu, mwadila mama, kutoka huku na huku, mpaka tukamaliza centa. Nami nikajibu wote nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, machozi yananitiririka na siwezi kuyafuta, maana nikiachia usukani gari linaingia mtaroni.

Hapa nyumbani baba yako alisikia mnyororo. Alitoka, akanyoosha mkono kwa mwelekeo wa sauti, na kaka yake akaushika. Hawakuzungumza habari ya zamani. Masanja alikunywa maji, akakaa. Nilipoona amekaa kwenye kiti, nilikwenda jikoni nikachinja kuku, sikungoja kuambiwa.

Kesho yake fundi Shabani alikuja kutoka Bariadi na spana zake kwenye kikapu cha baiskeli. Alifungua bakuli la chini ya injini, akatoa chujio la oili, akanionyesha. Lilikuwa limeziba kabisa, limekandikwa kitu cheusi kama ukoko wa ugali ulioungua. Akanieleza. Ule uchafu wa miaka ulikuwa umeganda kwenye kuta za injini, umetulia. Oili yangu mpya, kwa kuwa ni ya kusafisha, iliubandua wote kwa mara moja, ukashuka, ukaziba chujio. Oili ikashindwa kupanda, bering zikasagika kwa ukame. Na kwa wepesi wake ilikuwa inapenya kwenye ringi za pistoni zilizochakaa na kuungua, ndio ule moshi. Oili si mbaya, akasema, ni ya injini changa. Hii yetu ilihitaji nzito, namba arobaini, ile ile ya bei ya chini iliyokuwa rafu ya chini kabisa. Na kama nilitaka kuihamisha kwenye oili ya kusafisha, ningefungua kwanza nikaondoa ukoko kwa mkono, au ningebadilisha mapema mapema, nimwage kabla uchafu haujajaa.

Masanja alikuwa amechuchumaa pale akisikiliza. Akasema ng'ombe aliyetoka kiangazi na majani makavu, ukimfungulia kwenye majani mabichi ya mvua ya kwanza, anavimba tumbo. Shabani akasema ni hivyo hivyo, wakacheka wote wawili, wakaanza kuulizana habari za ng'ombe na kunisahau mimi na injini yangu. Baba yako aliomba apewe chujio. Akalipapasa kwa vidole, polepole, nje na ndani. Kisha akanirudishia akasema, "Mama Limi, uliipa kitu kizuri, ila yenyewe haikuwa na pa kukipokelea."

Kazi ya yule mnunuzi niliikosa, alishachukua lori la mtu mwingine. Msimu huo tulikaa gari limeinuliwa kwenye magogo tukisubiri bering zitoke Mwanza, na pamba yetu wenyewe ilikwenda kwa mkokoteni wa Masanja. Usidhani ulikuwa mwaka mbaya. Kila jioni ndugu wale wawili walikaa hapa nje. Wewe ulikuwa unamfuata baba yako mkubwa zizini, unarudi unanuka ng'ombe, unataja kila mmoja kwa jina na ugonjwa wake. Mara nyingi nawaza kwamba kama gari lisingenoki, usingejua njia ya lile zizi, na huenda leo usingekuwa unakwenda Nkoma kutibu mifugo ya watu.

Na petroli. Petroli nayo ina habari yake, nitaisema kwa kifupi, matone yanaelekea kuisha.

Unamkumbuka Mama Doto, aliyekuwa anauza petroli kwenye chupa kando ya barabara. Watu kama yeye walitusaidia sana, maana pampu iko mbali na safari ni nyingi. Nilinunua kwake kila mara. Wakati fulani gari likaanza kulia kwenye kupanda, mlio mkavu kama mbegu za karanga kwenye kikaango, na asubuhi likawa gumu kuwaka. Nikachomoa kijiti cha oili nikanusa. Kilikuwa kinanuka mafuta ya taa, na oili imepanda juu kuliko nilivyoiacha. Ukiona oili inaongezeka bila wewe kuongeza, mwanangu, usifurahi. Ni mafuta mabaya yasiyoungua yanachuruzika chini na kuichanganya.

Nilikwenda kwa Mama Doto na karatasi nyeupe. Tukadondosha petroli yake juu yake, tukaiweka juani. Petroli safi hupaa yote, karatasi ikabaki kama ilivyokuwa. Yake iliacha doa la mafuta, kama karatasi iliyofungia maandazi. Alishika kichwa. Hakuwa amechanganya yeye, nilimwona uso. Alikuwa amenunua pipa zima kwa utingo wa gari moja la mafuta lililopita, akashukuru kwamba ni rahisi. Akaniuliza afanye nini na pipa zima. Kisha akapata wazo mwenyewe. Kama lina mafuta ya taa ndani, akasema, basi aliuze kama mafuta ya taa, watu wawashie vibatari.

Hapo nilimshika mkono. Nikamwambia, "Mama Doto, ukitia petroli kwenye kibatari, hata kidogo, kinalipuka. Ni nyumba za nyasi hizi, na watoto wamelala."

Akasema, "Nilishawapimia watu wawili leo asubuhi. Walikosa mafuta ya taa, wakasema hii inanuka sawa."

Tuliacha chupa pale pale, tukapanda kwenye gari, na mlio wake mkavu ule ule. Nyumba ya kwanza tulimkuta mama mwenyewe anasafisha kioo cha taa, chupa imesimama pembeni haijafunguliwa, tukaichukua. Nyumba ya pili hawakuwepo, mlango umefungwa. Tulikaa kwenye mawe tukiwangoja mpaka jua likawa jekundu, midomo ya Mama Doto inatembea kwa sala. Walirudi kutoka shamba, bibi mwenye nyumba akiwa anatafuta kiberiti kwenye khanga yake. Mama Doto aliichukua ile chupa kwa mikono miwili, akaikumbatia kama mtoto. Pipa lote alimpa Shabani aoshee vyuma, na tangu siku hiyo aliweka karatasi nyeupe mezani pake, kila mteja ajipimie mwenyewe. Wateja wakaongezeka, hilo hakulitarajia.

Kwa hiyo huko Nkoma, ambako pampu hakuna, jaza Bariadi kila unapokuja, na ubebe akiba kwenye dumu la chuma, uliweke kivulini mbali na jiko. Ukilazimika kununua kwenye chupa, tumia karatasi. Vijana wa pampu watakuambia uweke super, ndiyo yenye nguvu. Kwenye injini changa labda. Hii yetu ilitengenezwa wakati petroli yenyewe ilikuwa dhaifu, ya kawaida inaitosha kabisa, ilimradi ni safi. Na oili ni namba arobaini, kopo lenye lakiri isiyoguswa, duka moja ulilolizoea, maana siku hizi wapo wanaojaza oili chafu iliyochujwa kwenye makopo mapya. Huko Nkoma asubuhi za kipupwe zikiwa na baridi, ukaona inazunguka kwa uzito, ile ya ishirini-hamsini inafaa pia, nayo haiwi nyepesi ikipata moto. Usichanganye tu kwa kuongezea ongezea. Utajua mwenyewe. Una masikio ya baba yako.

Jambo moja sikuwahi kukuambia kwa mdomo. Ulipomaliza kidato cha nne nilitaka uwe nesi. Nilikuwa nimekuona tayari umevaa nguo nyeupe, watu wa Dutwa wanakuja kuniambia mayu, tumemwona binti yako hospitali. Wewe ukasema mifugo. Tulinuna, mimi na wewe, wiki kadhaa, hata chumvi tunaombana kupitia kwa mdogo wako. Hukujua kwamba siku ile nilipoacha kununa nilikuwa nimetoka zizini kwa Masanja. Ndama alikuwa amekwama wakati wa kuzaliwa, na wewe umeingiza mkono mpaka kwenye bega, shavu lako limelala kwenye ubavu wa ng'ombe, unamwongelesha Kisukuma polepole. Wanaume wazima wamesimama wanasubiri utakachosema. Nilirudi nyumbani bila kuonekana. Nilifurahi sana siku ile, na furaha yenyewe haijapungua.

Serikali iliposema haiajiri tena mabwana mifugo, wengi wa wenzako wa chuoni waliuza vyeti vyao kwa kukata tamaa, wewe ukasema utafungua duka lako la dawa na utafuata ng'ombe waliko. Mimi na baba yako tulilala tukiongea, tukakubaliana kwamba gari ni lako. Yeye ndiye aliyesema kwanza. Mimi nilichelewa kidogo kujibu, maana nililipenda.

Matone yameisha. Ngoja nifunge nati, nijaze mpya, nirudi.

Nimerudi. Samahani kwa alama ya kidole kwenye karatasi.

Gari ni zee, Limi. Nimekueleza yote haya ili likutumikie, si ili wewe ulitumikie. Siku itafika injini itachoka kabisa, na fundi atakuambia gharama ya kuifufua inashinda gari. Siku hiyo liuze kwa wanunuzi wa vyuma, uchukue pikipiki au gari jingine, na usikae ukiwaza mama atasemaje. Mama atauliza kama umefika salama, na ng'ombe wa watu kama wamepona.

Kesho sitakusindikiza mpaka barabara kuu. Shangazi zako watapanda nyuma waimbe, waache waimbe. Mimi nitakaa hapa na baba yako. Nilitaka kukuomba ukifika pale kwenye kona usipige honi, kwa sababu baba yako akiisikia atainuka kwa haraka na macho yake yale, atajikwaa.

Hapana, piga. Nitamshika mkono mimi. Piga sana, tusikie wote wawili.

Mama yako,
aliyekufundisha gia ya kwanza